Jinsi ya Kuchagua Kisu cha Kambi kwa Vijana: Cha Bei Nafuu na cha Kudumu

Kijana anayekwenda kambini anahitaji kisu kimoja kidogo kisichokunjwa, chenye mpini unaomjaa kiganjani na ala inayokishika barabara. Naanza na jibu kwa sababu anayeingia dukani bila jibu hutekwa na visu vya kutisha: vyeusi tii, vyenye meno mgongoni, dira kwenye kitako cha mpini na maneno ya kijeshi kwenye boksi. Vijana huvipenda, na mzazi naye hudhani kisu kikubwa ndicho kisu imara. Katika kulea vijana kambini nimeona kwamba visu vinavyodumu ni vile vya kawaida kabisa, ambavyo dukani mtu huvipita bila kuvitazama mara mbili. Bahati nzuri ndivyo vya bei nafuu pia.

Hatua zifuatazo ni za mzazi, mlezi wa skauti, mwalimu, au kijana mwenyewe aliyejiwekea akiba. Zifuate kwa mpangilio wake, maana kila moja inaondoa visu kadhaa mezani, na ukifika mwisho utabaki na viwili vitatu tu vya kuchagua.

Hatua ya 1: Orodhesha kazi, kisha ondoa zisizo za kisu

Kambini kisu hukata kamba, huchonga vigingi vya hema, hukwangua kijiti kikavu mpaka kitoe nyuzi za kuwashia moto, humenya na kukatakata mboga, hufungua vifurushi, na jioni huchonga kijiko cha mti. Kazi zote hizi zinamalizwa na bapa la sentimita 8 hadi 10.

Kupasua kuni nene, kufyeka, kufungua makopo, kuchimba na kubandua si kazi zake. Kuni zina shoka, panga au msumeno. Kopo lina kifunguo chake. Shimo lina sepeto. Visu vingi vinavyovunjika kambini havivunjiki katika kukata. Huvunjika pale mtu anapochomeka ncha kwenye ufa wa gogo na kuukandamiza mpini kando, au anapokiweka kisu juu ya kuni pana kuliko bapa lenyewe na kukipiga mgongoni kwa rungu. Ukishalielewa hili utaacha kutafuta kisu kinene kinachoweza kila kitu. Utanunua chembamba kinachokata, na kwa kikundi kizima utabeba msumeno mmoja mdogo wa kukunja.

Hatua ya 2: Mtazame kijana kabla ya kukitazama kisu

Sitaki kukutajia umri maalumu. Wapo wa miaka 9 waliotulia, na wapo wa 15 ambao bado. Mimi huangalia mambo matatu. Je, akiambiwa "acha" anaacha papo hapo? Je, anaweza kukaa na kazi moja ya mikono robo saa bila kuinuka? Na je, mikono yake ina nguvu ya kuchomoa kisu kwenye ala bila kukivuta kwa kishindo? Hilo la tatu watu hulisahau, kumbe mtoto asiye na nguvu ya kutosha hulazimika kutumia mwili mzima, na kisu kikichomoka ghafla hakuna ajuaye kitaishia wapi.

Kijana anayekosa moja kati ya hayo bado ana kisu chake: chenye ncha ya mviringo. Opinel ya Ufaransa na Morakniv ya Uswidi hutengeneza visu vya watoto vya namna hiyo, vyenye makali halisi lakini visivyo na ncha ya kuchoma. Wazo hilo ni zuri sana. Ncha ndiyo inayoingia ndani ya nyama; makali ndiyo yanayofanya kazi. Ukiondoa ncha, hatari inapungua na kazi inabaki. Wazazi wengi hufanya kinyume: humpa mtoto kisu chenye ncha kali na makali butu, wakidhani wamemlinda. Kisu butu hulazimisha mkono kukandamiza, na mkono unaokandamiza ndio unaoteleza.

Kabla hujaenda mbali, ulizia sheria ya nchi na kanuni za kambi yenyewe. Nchi zinatofautiana kabisa. Uingereza, kwa mfano, kisu cha kukunja kisicho na kifungio na chenye makali yasiyozidi inchi 3 (sentimita 7.62) ndicho kinachoruhusiwa kubebwa hadharani bila sababu maalumu, kingine chochote kinahitaji sababu ya msingi. Kwingine kuna umri wa chini wa kununua. Na kama safari ni ya ndege, kisu huingia kwenye mzigo unaokabidhiwa, kikiwa kimefungwa vizuri, kamwe si kwenye begi la mkononi.

Hatua ya 3: Anza na kisu kisichokunjwa

Hapa ndipo wazazi hubishana nami zaidi. Kisu cha kukunja kinaonekana cha upole, kinaingia mfukoni, hakitishi mtu. Lakini kwa anayejifunza kina nyakati mbili za hatari ambazo kisu kisichokunjwa hakina: wakati wa kukifungua na wakati wa kukifunga, vidole vikiwa njiani. Zaidi ya hapo, kikiwa hakina kifungio, kijana akisukuma ncha kwenye mti bapa linaweza kujifunga juu ya vidole vyake.

Kisu kisichokunjwa kina hali mbili tu: kiko ndani ya ala au kiko mkononi. Mlezi aliye upande wa pili wa moto anaona kipo wapi. Hakina bawaba ya kukusanya mchanga na mabaki ya chakula, hakina springi ya kushika kutu, na kukisafisha ni kuosha na kufuta. Hata pesa yako inakwenda mbali zaidi, kwa kuwa kwa bei ileile kisu cha kukunja hulazimika kugharamia bawaba, springi na kifungio, wakati mwenzake hugharamia chuma na mpini tu. Ukitaka uimara kwa pesa ndogo, hapo ndipo ulipo.

Kama kanuni zinadai cha kukunja, chagua hivi. Cha springi bila kifungio, kama visu vingi vya Victorinox ya Uswisi vya ukubwa wa mfukoni, ni kizuri kwa kijana ambaye kweli atatumia mkasi, kifungua kopo na bisibisi. Usimpe akichongee mti mgumu. Chenye pete ya kuzungusha, kama Opinel, mimi ndicho ninachokipenda kwa vijana: pete hiyo iliongezwa mwaka 1955, haina ufundi wa kuficha, na mtoto anaona kwa macho kama imefunga au haijafunga. Ubaya wake ni kwamba mpini wa mti ukinywa maji huvimba na kubana bapa. Dawa yake ni kugonga kitako cha mpini juu ya gogo; bapa litachomoza kidogo na utalivuta. Aina ya tatu ina kibapa chembamba cha chuma ndani ya mpini kinachozuia makali yasirudi. Ni imara, ila ili ukifunge sharti kidole gumba kipite kwenye njia ya makali. Kwa anayeanza, kiache dukani.

Visu vya kufyatuka kwa springi na vile vya kipepeo vinavyochezeshwa mkononi usivihesabu kabisa. Nchi nyingi zimevipiga marufuku, na hata pale vinaporuhusiwa havina kazi kambini.

Hatua ya 4: Pima bapa

Urefu tumeshautaja. Unene mzuri ni milimita 2 hadi 3 mgongoni. Kinachozidi milimita 4 hukwama kwenye kiazi na hukichana badala ya kukikata, na kwenye mti humchosha kijana mapema, naye akichoka huanza kufanya makosa. Mgongo uwe umenyooka na ncha isiwe nyembamba sana, kwa sababu ncha iliyochongoka kama sindano ndiyo ya kwanza kukatika.

Makali yawe laini mwanzo hadi mwisho. Yale ya meno hukata kamba vizuri, lakini kijana hawezi kuyanoa kwenye kinoo cha kawaida, na hayafai kuchongea. Meno ya mgongoni ni mapambo tu, isipokuwa yana kazi moja halisi: kumkwaruza kidole gumba anayeweka mkono pale ili apate nguvu ya kuchonga.

Hatua ya 5: Elewa chuma, usibabaishwe na majina

Visu vya bei nafuu vinatengenezwa kwa namna mbili kuu za chuma. Ya kwanza ni chuma cha kaboni, ambacho ni chuma chenye kaboni na kingine kidogo tu. Hunoleka kwa urahisi na makali yake huwa matamu sana, lakini hushika kutu. Kikate limau, ukiache bila kukifuta, na muda si mrefu utaona madoa ya kijivu. Madoa hayo ya kijivu hayana ubaya. Kutu nyekundu ndiyo adui.

Ya pili ni chuma kisichoshika kutu kwa urahisi, ambacho kina kromiamu ya asilimia 10.5 au zaidi. Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, alikipata mwaka 1913, na visu vya mezani vilikuwa kati ya matumizi yake ya mwanzo. Kumbuka neno "kwa urahisi". Ukikiacha ndani ya ala iliyolowa maji ya chumvi, nacho kitashika kutu.

Kwa kijana wa kambini mimi huchagua hiki cha pili. Sababu si ubora wa makali. Katika makali chuma cha kaboni kingeweza hata kushinda. Sababu ni kwamba kijana atasahau. Atakata nyanya, ataitwa kwenye mchezo, na kisu kitalala juu ya meza mpaka asubuhi kwenye umande. Kisu kinachostahimili usahaulifu ndicho kinachodumu mikononi mwake. Akishajenga tabia ya kukifuta bila kukumbushwa, mpe cha kaboni, naye atakifurahia.

Sasa tazama maandishi kwenye bapa au boksi. Mtengenezaji mwaminifu hutaja chuma chenyewe, kwa mfano 12C27, ambacho hutumika kwenye visu vya bei nafuu vya Opinel na Morakniv, au 8Cr13MoV, au 420HC, au 1095 kwa upande wa kaboni. Vyote hivyo vinafaa. Vyuma vinavyoandikwa 420J2 au 3Cr13 vina kaboni ndogo. Havishiki kutu kwa urahisi, lakini makali yake huisha upesi, na kijana atakuwa ananoa kila siku. Ukiona "chuma cha hospitali" au "chuma cha anga" bila jina jingine, hujaambiwa kitu. Na bapa lenye mawimbi ya kuvutia linalouzwa kwa bei ya kutupa mara nyingi ni picha iliyochorwa kwa asidi au mashine juu ya chuma cha kawaida.

Ugumu wa chuma hupimwa kwa kipimo cha Rockwell, na huandikwa HRC. Kisu cha kambi kiwe kati ya 55 na 59. Chini ya hapo makali hujikunja haraka. Juu zaidi, yanakaa muda mrefu ila yanaweza kumomonyoka, na kuyanoa kunahitaji vifaa na subira ambavyo kambini havipo.

Hatua ya 6: Mpini na mkia

Mwambie kijana akishike kisu kikiwa ndani ya ala, akiwa amekunja ngumi. Vidole vinne vienee kwenye mpini, na ncha za vidole zikaribie kiganja bila kukichimba. Mpini mkubwa huzunguka mkononi. Mdogo hubana na kuleta malengelenge. Watu wazima humnunulia mtoto kisu kinachowatosha wao, kisha wanashangaa kwa nini hachongi vizuri.

Kati ya mpini na makali pawe na kizuizi cha kidole, yaani kile kinundu kinachozuia mkono usiteleze kwenda mbele. Kwa mwanafunzi hili silijadili. Mafundi wazoefu hupenda visu visivyo nacho kwa kuwa vinawapa uhuru wa kushika karibu na makali, lakini huo ni uhuru wa mtu aliyekwisha kujua.

Mpini wa plastiki ngumu uliofunikwa mpira ndio unaodumu kwa bei ndogo: haunywi maji, hautelezi ukilowa, na unaoshwa kwa sabuni. Wa mti ni mzuri machoni na mkononi, lakini unadai mafuta na kukaushwa. Rangi ya machungwa au nyekundu ni bora kuliko kijani cha kijeshi, maana kisu kilichodondoka kwenye majani lazima kionekane kabla hakijakanyagwa na mtu mwenye kandambili.

Kisha kuna mkia, yaani ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini. Utasikia wengi wakisema kwamba kisu ambacho mkia wake haufiki mwisho wa mpini hakifai. Kwa kazi tulizoorodhesha katika hatua ya 1, si kweli. Morakniv Companion, ambacho bapa lake ni la takribani sentimita 10, hakina mkia mzima, na bado ni kati ya visu vya bei nafuu vinavyoaminiwa sana na watu wa porini. Mkia mzima unaongeza uimara, na pia unaongeza uzito na bei. Unachotakiwa kukikataa bila mjadala ni kisu chenye mpini uliotobolewa ndani ili kuwekwa ndoana na viberiti. Hicho bapa lake limeshikwa na nati fupi au skrubu, na hapo ndipo kitakapokatikia.

Hatua ya 7: Ala ni nusu ya kisu

Ala mbovu huharibu kisu kizuri na huumiza mtu asiyekuwa anakitumia. Ya plastiki ngumu inafaa zaidi kambini: huoshwa, hukauka haraka, na hushika kisu kwa mlio wa "tk" unaosikika. Iwe na tundu chini la kutolea maji. Ala ya kitambaa isiyo na plastiki ndani hutobolewa na ncha, kwa hiyo iache. Ya ngozi ni nzuri, ila hushika unyevu.

Ijaribu hivi: ingiza kisu, geuza ala chini juu, itikise mara kadhaa kwa nguvu juu ya meza. Kisu kikidondoka, hata kama ni cha dhahabu, kirudishe.

Hatua ya 8: Kagua kile utakachonunua, si cha maonyesho

Visu vya bei nafuu hutoka kiwandani kwa maelfu na havilingani. Omba kile kitakachofungwa na kukabidhiwa kwako, kisha kipeleke mahali penye mwanga.

Kishike ncha ikikuelekea mbali, ufumbe jicho moja na kutazama juu ya mgongo kutoka kwenye mpini. Utaona mstari. Ukipinda hata kidogo, chukua kingine. Kisha kigeuze makali yatazame taa na ukiinamishe polepole. Makali mazuri hayaonekani, kwa kuwa ni membamba mno kurudisha mwanga. Palipo na kidoa kinachong'aa pana pengo au pamebonyea. Doa dogo litaondoka kwenye kinoo. Pengo unaloweza kulisikia kwa ukucha litakula saa nzima ya kunoa.

Shika bapa kwa kitambaa kinene, makali yakiwa nje ya mkono, na ujaribu kuusukuma mpini kushoto na kulia. Usisikie mchezo wowote. Pitisha kidole kwenye mshono wa mpini utafute ukingo wa kukwaruza, maana hapo ndipo lengelenge litaanzia. Kama ni cha kukunja, kifungue, funga kifungio, kisha ugonge mgongo wa bapa taratibu kwenye ukingo wa meza, vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Kikijifunga, kataa.

Ukinunua mtandaoni, fanya ukaguzi huohuo siku kinapofika, kabla ya kumwonyesha kijana. Bidhaa bandia za majina makubwa ni nyingi, na dalili ya kwanza ni bei iliyo chini mno kuliko kwingine kote.

Hatua ya 9: Bakiza pesa ya kinoo

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na ni kweli kwa visu vya chini kabisa. Lakini ghali nayo haikuhakikishii kitu. Gawa bajeti yako mara tatu: fungu kubwa la kisu, dogo la kinoo, na dogo la glavu isiyokatika kwa mkono unaoshika mti. Kisu cha kawaida chenye kinoo kitakitumikia kikundi miaka mingi. Cha kifahari kisicho na kinoo huwa butu ndani ya kambi moja na kuishia kwenye droo.

Kinoo chenye pande mbili kinatosha, upande wa namba 400 hivi kwa makali yaliyoharibika na upande wa 1000 kwa kumalizia. Paka makali wino wa maka peni kabla ya kuanza. Sugua mara mbili tatu, kisha utazame: wino ukibaki kwenye ukingo wenyewe, umelaza kisu mno, ukiondoka kwenye ukingo tu, umekiinua mno. Visu vya mtindo wa Uswidi vina mteremko mpana kila upande unaoanzia katikati ya bapa, na hivyo ni rahisi kuliko vyote kwa vijana: unaulaza mteremko wote juu ya kinoo, basi, pembe imejipata yenyewe. Visu vingine viinue takribani nyuzi 20.

Noa upande mmoja mpaka usikie, kwa kupapasa kidole kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali, kijiukingo chembamba cha chuma kilichojikunja upande wa pili. Geuza, noa mpaka kirudi. Kisha punguza nguvu, badili pande, na umalizie kwa kuvuta kisu juu ya mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia. Kikikata karatasi bila kuichana, kazi imekwisha. Usikipeleke kwa fundi mwenye jiwe kavu la umeme linaloruka cheche, kwani joto lake linaweza kuondoa ugumu wa makali. Ukiona rangi ya samawati karibu na makali, pale pameshalainika. Kwa sababu hiyohiyo kisu hakitumiki kuchochea moto.

Hatua ya 10: Kabla ya kukikabidhi

Kuna methali isemayo mtoto akililia wembe mpe. Mimi nasema mpe, lakini keti naye. Siku ya kwanza isiwe kambini, katikati ya kelele za wenzake. Iwe nyumbani au uwanjani, penye kipande cha mti laini na mtu mzima asiye na haraka.

Mfundishe kunyoosha mkono wenye kisu kikiwa ndani ya ala na kuzunguka: duara hilo ni lake, na mtu akiingia ndani yake kisu kinarudi kwenye ala. Akae, aweke viwiko juu ya magoti na achonge mbele ya magoti, kamwe asichonge katikati ya mapaja, kwa sababu ndani ya paja unapita mshipa mkubwa wa damu ambao ukikatwa mtu anaweza kufa kwa dakika chache. Achonge akisukuma kutoka mwilini. Kumpa mwenzake kisu ni kukiweka chini ili mwenzake akiokote. Hakuna kutembea na kisu kilicho wazi, hata hatua mbili. Kisu kikidondoka, mikono na miguu huondoka, hakidakwi.

Kwa mlezi wa kikundi: andika namba kwenye kila mpini, vihesabu vinapotoka na vinaporudi, na usikae na wanafunzi wapya zaidi ya wanne kwa wakati mmoja. Kisanduku cha huduma ya kwanza kiwe karibu ulipoketi. Akijikata, bonyeza jeraha kwa kitambaa safi kwa dakika 10 mfululizo bila kuchungulia, kisha lioshe kwa maji safi na ulifunge. Damu isiyokoma, jeraha lililoachama, kidole kilichokufa ganzi au kisichokunjika ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Na kabla ya kambi, waulize wazazi kuhusu chanjo ya pepopunda.

Hatua ya 11: Kukitunza

Kila jioni: osha, futa, acha kikauke, rudisha kwenye ala iliyo kavu. Cha kaboni kipakwe mafuta kidogo. Ya kupikia yanatosha kwa siku chache za kambi, lakini yakikaa wiki kadhaa hunata, hivyo kwa kuhifadhi tumia mafuta ya cherehani na uoshe kisu kwa sabuni kabla hakijagusa chakula tena. Mpini wa mti usilowekwe kwenye beseni.

Kambi ikiisha, toa kisu kwenye ala ya ngozi, kifunge kwa karatasi kavu na ukiweke juu, penye kufuli kama nyumbani kuna wadogo. Kinoe wakati huo, si usiku wa kuamkia safari nyingine. Mchanga ulioingia ndani ya ala ya plastiki utoe kwa maji ya kutiririka, la sivyo kila unapokiingiza utakuwa unakichuna.

Kisu chenye ufa kwenye bapa, au kinachocheza mpinini, hakirithishwi kwa mdogo mtu. Makali yake yazungushie katoni na utepe wa gundi, andika juu kwamba ndani mna kisu, na ukipeleke kwenye chuma chakavu. Usikitumbukize kwenye mfuko wa taka, ambako mkono wa mzoa taka utakikuta kabla ya macho yake.